Hoteli Mbili na Mto Katikati

Nyamira, 4 Machi 2025

Binti yangu Celestine,

Mialiko ya mahafali yako imefika kwenye barua pepe. Nimeichapisha pale saiba, lile duka la intaneti lililo mkabala na ofisi za kaunti. Yule dada wa pale aliisoma yote kabla hajanikabidhi, kisha akatangaza kama redio: "Mwalimu Ogari, hongera! Kumbe unaenda Budapest na mama mkwe!" Foleni nzima ikageuka. Mzee mmoja alicheka hadi akashika ukuta, na ninajua hakucheka Budapest.

Chuo chako kinaruhusu wageni wawili tu, na mama yako amekwisha kuamua. Mmoja ni mimi, wa pili ni Magokoro wako, nyanyako mzaa mama. Nilijaribu kusema neno. Emily akaniambia, "Mimi nilimzaa, lakini Mama ndiye aliyemlea. Wewe ulikuwa unafundisha Turkana, mimi niko chuo cha uuguzi, mtoto yuko Nyakoe kwa Mama anafundishwa kushika kijiko. Nani anastahili kumwona akivaa joho?" Unamjua mama yako akishauliza swali ambalo tayari ana jibu lake.

Sasa ubalozi wanataka uthibitisho wa hoteli, na hapo ndipo ninapokuja kwako nikipiga magoti, kama tumbo litaniruhusu. Umekaa huko miaka mitano ukisomea famasia, labda umesahau mambo ya chinsoni, ile heshima yetu ya mkwe na mkwe. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa, Magokoro hajawahi kulala nyumbani kwangu. Hata mwaka ule mvua ilipobeba daraja alikwenda kulala kwa mzee wa kanisa. Hajaona kitanda changu, wala mimi sijaona chake. Tukikutana njiani yeye hushika upande ule, mimi huu, tunasalimiana kama mabalozi wa nchi mbili zilizoacha vita juzi. Niambie basi: siku kumi, mji wa kigeni, nitamwonaje akitoka bafuni na taulo kichwani? Nitaweka wapi macho yangu?

Miaka ishirini na saba nimefundisha Mto Danube kwa fimbo na ramani. Ramani yenyewe panya walikula upande wa Romania, kwa hiyo wanafunzi wangu wengi wanaamini kwamba mto huo unaishia shimoni. Sijawahi kuuona hata siku moja. Nitafutie mtaa, nitafutie hoteli, uniokoe.

Baba yako,
Ogari


Budapest, 6 Machi 2025

Baba,

Nimesoma barua yako ndani ya tram, ile treni ya barabarani, nikacheka hadi mama mmoja akanipa tishu, akidhani nalia.

Kwanza nikuogopeshe. Kuna nyumba ya kupangisha karibu na soko kuu: vyumba viwili, jiko zuri, roshani, bafu MOJA. Mlango wa bafu ni wa kioo. Haya, vuta pumzi. Nilitaka tu nikuone ukitetemeka kutoka huku.

Sasa sikiliza, hii nimeifikiria vizuri. Mji huu zamani ulikuwa miji miwili. Upande wa magharibi wa mto ni Buda, ni kilima, kasri la wafalme juu na mitaa ya kale chini yake. Upande wa mashariki ni Pest, ni tambarare kama meza. Danube iko katikati. Unaona ninakoelekea?

Wewe utakaa Buda, mtaa unaoitwa Víziváros, kwenye hoteli ndogo iliyojibana kati ya nyumba za miaka mia tatu. Ngazi ziko kila mahali, zitakusaidia na hilo tumbo. Magokoro atakaa Pest, karibu na maji, kwenye hoteli ya mama mmoja na binti zake. Ina lifti. Tram inasimama mbele ya mlango. Asubuhi kuna mkate, mayai, jibini na nyanya, na nimeshamweleza yule mama kwamba mgeni wangu ni Msabato na nguruwe asikaribie sahani yake. Chumba kina dirisha linaloangalia mto, na ng'ambo ya mto ni kasri. Atakaa kwenye kiti tu aangalie meli.

Hoteli mbili, na mto mzima katikati yenu. Hata mababu wakikaa kikao hawatapata kosa. Asubuhi mnakutana kwangu kwa chai kama watu wenye heshima zao, jioni kila mtu anarudi ng'ambo yake.

Vyumba vyote viwili nimeomba washikilie hadi mwisho wa Aprili. Mweleze Magokoro, wewe ndiye mwalimu. Anapenda ukieleza.

Wako,
Celestine


Nyamira, 15 Machi 2025

Kwa Mama Peris Bosibori,
Nyakoe.

Shikamoo Mama.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hatujambo. Emily anakusalimu, zamu zake hospitalini ni nyingi. Ninaituma kwa mkono wa Mokua, kwa kuwa yeye huja huku ofisi za kaunti kila Jumanne na hurudi Nyakoe jioni.

Nimepewa jukumu la kukueleza kuhusu mji anaosoma Celestine ili ujitayarishe. Ni mji wa kale na wa fahari, umejengwa kando ya mto mkubwa. Lakini ningekuwa nimekukosea heshima kama nisingekwambia hali yake. Mtaa wa kihistoria uko kwenye mteremko wa kilima. Njia zake ni za mawe, na kutoka mtaa mmoja hadi mwingine watu hupanda ngazi, nyingine ndefu kuliko zile za kanisa kuu la Kisii mjini mara nne au tano. Nyumba ni za karne zilizopita na nyingi hazina lifti.

Chakula chao kikuu ni nguruwe. Hata mboga wanazipika kwa mafuta ya nguruwe. Mji una sifa ya bafu za maji moto yatokayo ardhini, na humo wake kwa waume huketi pamoja wakiwa wamevaa vijinguo vya kuogelea, wazee kwa vijana. Watu hawaoni haya. Theluji huanguka na mawe ya njiani huteleza sana. Safari ya ndege ni kutwa nzima, na miguu huvimba.

Sisemi haya ili kukuvunja moyo. Uamuzi ni wako, Mama, nasi tutaufuata.

Mkweo,
Ogari


Nyakoe, 24 Machi 2025

Kwa Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Mokua, naye alitaka kukaa anisomee. Nikamwambia mimi nilikuwa karani wa kanisa miaka kumi na tisa, macho yangu bado yanaijua kazi yake.

Nimeisoma mara tatu. Unaeleza vizuri.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na pengine umeshajiuliza kwa nini siku zote nafanya hivyo. Kwa lugha yetu kuna maneno ambayo kati yangu na wewe hayawezi kupita kooni. Neno kama bafu. Kwa Kiswahili linapita, ni kama mgeni asiyejua nani ameoa wapi. Na kwenye karatasi hakuna anayemwona mwenzake uso. Kwa hiyo sijachukia kwamba umetaja vijinguo vya kuogelea.

Nimefikiri. Goti langu la kulia limekuwa likinisumbua, na mtu mwenye goti hawezi mji wa ngazi. Emily aende badala yangu. Yeye ni mama wa mtoto na ni haki yake, na ninyi wawili mtatumia chumba kimoja bila kumsumbua mtu.

Wamama wa kanisa walikuwa wameanza kunishonea nguo ya kijani. Nimewaambia wasitie mikono kwanza, waiache hivyo. Mmoja akaniuliza, "Kwani Mama Peris huendi tena kwa wazungu?" Nikamwambia wazungu hawajahama, watakuwepo.

Nimempa Mokua mfuko wa mboga ya chinsaga niliyoikausha na unga kidogo wa wimbi. Ni vya Celestine. Emily ambebee.

Mungu awabariki.

Mama yenu,
Peris


Nyamira, 28 Machi 2025

Celestine,

Nyanyako amejitoa kwenye safari. Ni goti. Nimesikitika, lakini afya kwanza, na mwenyewe ndiye aliyependekeza mama yako aje badala yake. Tafadhali uombe chuo kibadilishe jina kwenye mwaliko. Hoteli ya Pest unaweza kuwaachia wenyewe. Mimi na mama yako ile ya Buda itatutosha, ngazi tutapanda tukisukumana.

Mama yako hajafurahi nilivyotarajia. Amesema tu, "Goti tangu lini?" halafu akaenda zamu.

Baba


Budapest, 30 Machi 2025

Baba,

Nimekaa na ujumbe wako tangu juzi nikishindwa cha kuandika.

Goti lipi? Wiki mbili zilizopita binamu Angwenyi alinirekodia video kutoka dukani kwake pale Nyakoe, Magokoro anapita na fimbo asiyoihitaji, anaenda sokoni Keumbu kwa miguu sehemu, na gari sehemu. Angwenyi anamtania: "Magokoro, unakimbizwa na nani?" Anajibu, "Nanyoosha miguu. Tram za huko hazingoji mtu." Alikuwa anafanya mazoezi tangu Februari! Anajua hata kusema asante kwa lugha ya huku. Anaisema vibaya, lakini anaisema.

Nikwambie siri moja, sasa haina maana kuificha. Ile siku niliyokuandikia kuhusu hoteli mbili, nilimwandikia yeye pia. Angwenyi alimchapishia ramani na picha za vyumba vyote viwili, Buda na Pest, na mto nimeuchora kwa kalamu ya buluu. Ameibandika ukutani kando ya kalenda ya kanisa. Aliniomba nisikuambie. Alisema, "Mwache mkwe wangu anieleze mwenyewe, anapenda kueleza. Nitajifanya sijui." Alikuwa anangoja barua yako kama mtoto anayengoja zawadi ambayo keshaiona chini ya kitanda.

Na sasa goti. Baba, umpeleke hospitali. Kama ni maumivu ya ghafla hivyo si mazuri. Nitaandika kuhusu mwaliko kesho. Leo siwezi.

Celestine


Nyamira, 2 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Safari hii sisemi natumaini barua itakukuta mzima, kwa sababu najua u mzima. Goti lako ni zima. Mgonjwa ni mimi.

Celestine ameniambia kuhusu ramani iliyo ukutani kwako. Nimeisoma barua yake nikiwa kwenye chumba cha walimu, na mwenzangu Ondieki akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana. Ningejua la kumjibu kama msiba ungekuwepo.

Kwa hiyo ulipokuwa unasoma barua yangu ulikuwa unaitazama hoteli ya Pest ukutani. Ulijua kuna lifti. Ulijua kuna mayai na nyanya. Ukasoma mara tatu, ukitafuta nitaitaja kwenye mstari gani, na mstari huo haukuwepo.

Sikuandika uongo, Mama, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mwongo angalau hutunga. Mimi nilichagua tu. Nilichukua kilima nikaacha tambarare. Nilitaja theluji, sikutaja kwamba ni ya Januari na sisi tunakwenda Julai, wakati watu wa huko wanatafuta kivuli. Nilitaja bafu za umma kana kwamba kuna askari wa kukusukuma ndani. Mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo kwenye mtihani nampa sifuri na kumwita mzazi.

Sababu ninazo, lakini ukiziangalia juani hazipendezi. Ya kwanza ni woga. Niliogopa siku kumi za kutojua niangalie wapi. Ya pili ni kwamba nilitaka kwenda na Emily. Tangu nimuoe nimempeleka Kisumu mara moja, na ilikuwa mazishi. Nilijiona nikitembea naye kando ya mto ule niliouchorea wanafunzi miaka yote, nikimwonyesha hiki na kile, mwalimu mwenye tumbo kubwa anayejua jina la kila daraja. Ningeweza kukuambia hivyo. Ungeweza kukataa au kukubali. Badala yake nilikuandikia barua ya kukufukuza yenye shikamoo mwanzoni.

Nimemwambia Emily. Alikuwa anachambua maharagwe. Akaniuliza, "Kwa hivyo ulitaka nipande ndege nikakae kwenye kiti ulichomnyang'anya mama yangu?"

Nikasema, "Sikumnyang'anya. Nilimweleza tu hali ya mji."

"Ogari. Ulimweleza hali ya mji, au ulimweleza hali yako?"

Akaendelea kuchambua hadi maharagwe yakaisha, kisha akayachambua tena. Tangu siku hiyo ananipikia, ananipakulia, na ananiita Mwalimu. Miaka ishirini na sita hajawahi kuniita Mwalimu.

Ninaomba hivi. Nafasi mbili zile ziwe zako na za Emily. Ninyi ni mama na binti, bafu moja litawatosha, wala hamtahitaji mto katikati. Nimekaa nikihesabu mitaa na hoteli mwezi mzima nikitafuta mahali pa kukuweka wewe, kumbe mtu wa kuwekwa kando nilikuwa mimi.

Sijui kama mkwe anaruhusiwa kumwomba mama mkwe msamaha kwa maandishi. Sikumbuki kusikia imefanyika. Naomba.

Ogari


Nyakoe, 9 Aprili 2025

Kwa Mwalimu,

Barua yako Mokua aliileta ikiwa imelowa mvua, lakini inasomeka.

Nilijua. Ulichoandika nilikijua nilipofika kwenye ngazi za kanisa. Nilikaa kitini nikaangalia ramani, nikaangalia barua, nikaona kwamba upande mmoja wa mto umeandikwa na mwingine umeachwa. Sikudhani umesahau. Mtu anayekumbuka majina ya mito ya Urusi hasahau lifti.

Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Nilikasirika hadi nikashindwa kuimba Sabato ile, nikafungua kinywa tu. Si kwa sababu ya safari. Ni kwa sababu nilikuwa nimejipa kazi ya kukuonea fahari. Nilikuwa nawaambia wanawake, "Subirini mkwe wangu aniandikie, mtasikia mji ulivyo." Kisha nikawasomea nini? Niliwaambia barua imepotea. Kwa hiyo nami nimesema uongo kanisani, na huo ni wangu, sikupi wewe.

Ungekuja Nyakoe ukasimama nje ya uzio ukasema, "Mama, nataka kwenda na mke wangu," ningekuambia nenda. Ningekupa na kuku. Hapo ndipo uliponikosea. Chinsoni si ukuta wa kujifichia. Imewekwa ili watu wawili wasiumizane, wewe ukaigeuza kichaka.

Nitakwenda. Lakini tusielewane vibaya: si wewe uliyenipa nafasi hii. Haikuwa yako. Emily alinipa mwezi wa pili, na ananipa tena leo. Yako umeiacha mwenyewe, na hilo nimeliona, silidharau. Najua mto ule ulivyo kwako.

Msamaha uliouomba nitakupa, ila si kwa barua ya leo. Nikikupa leo utakuwa umetoka mdomoni tu. Ningoje.

Kuna jambo moja. Mtoto atauliza kwa nini baba yake haji. Mimi sitamjibu, na nimemwambia Emily naye asijibu. Hilo ni lako.

Nguo imetiwa mikono.

Peris


Nyamira, 12 Aprili 2025

Celestine mwanangu,

Habari njema: goti la nyanyako limepoa. Habari mbaya: shule imepata barua kwamba wakaguzi wa wizara watakuja wiki ile ile ya kwanza ya Julai, na mimi kama naibu wa mwalimu mkuu siwezi kutoka. Nimejaribu, nimeshindwa. Kwa hiyo atakuja Magokoro na mama yako. Ile hoteli ya Buda iachie watu wengine. Wao wawili wakae Pest, chumba kile chenye dirisha, kama bado hujakiachia.

Usihuzunike. Utanipigia picha za madaraja.

Baba


Budapest, Jumapili, 6 Julai 2025

Kwa Mwalimu,

Naandika kwenye karatasi ya hoteli. Emily ataipiga picha kwa simu yake akutumie. Mtoto amekwenda kutununulia matunda, kwa hiyo nina nafasi ya kusema.

Mahafali yalikuwa Ijumaa. Majina walikuwa wanayasoma kwa lugha yao, na la kwetu walilivunja vipande vitatu, lakini mimi nilimjua kwa mwendo kabla hawajamaliza. Anatembea kama Emily akichelewa zamu. Nilisimama. Sikuambiwa nisimame. Mzungu wa nyuma akanigusa bega nikadhani ananiambia nikae, kumbe naye alisimama. Nilipiga kigelegele kimoja, Emily akanivuta mkono, nikapiga cha pili. Niliona alivyotutafuta kwa macho pale juu, akatupata. Mwalimu, kama ningekufa Nyakoe bila kuona uso ule, ningekuwa nimekosa kitu ambacho hakuna mtu angeweza kunisimulia. Hata wewe.

Mji ni mzuri. Asubuhi jua linapiga kilima cha ng'ambo na nyumba zote zinaonekana moja moja. Mto una rangi ya chai ya maziwa, si buluu kama kwenye mchoro wa mtoto. Jana tulivuka daraja kwa miguu baada ya ibada, Emily akasimama katikati akaangalia maji kwa muda mrefu. Nikamwuliza, "Unafikiri nini?" Akasema, "Namfikiria yule mtu angekuwa amesema maneno mangapi sasa hivi." Kisha akatabasamu kidogo. Sijui kama inakusaidia, nimekuandikia tu.

Sasa la muhimu. Usiku wa mahafali tulipokuwa tunakula, mtoto akauliza, "Magokoro, wakaguzi wenyewe walifika? Nimempigia rafiki yangu anayefundisha shule ya jirani, anasema hakuna wakaguzi Nyamira wiki hii." Emily akaangalia dirishani. Mimi nikamwambia, "Hilo mwulize baba yako." Tangu hapo anatuhudumia vizuri sana, kupita kiasi, kama mtu anayefikiri kwamba baba yake hakutaka kuja kwa sababu yake yeye. Jana ameniuliza kama ulitaka asomee udaktari, si famasia.

Unaona umemwacha afikirie nini?

Tunapanda ndege Jumatano. Mwandikie leo, wala si tukisharudi. Mwandikie sasa, ili akikasirika awe na watu wa kumshika.

Na ule msamaha ulioniomba mwezi wa nne, nimekupa. Nilikupa pale darajani. Nilingoja niwe nao kwanza.

Mama yako,
Peris


Nyamira, Jumapili, 6 Julai 2025

Celestine,

Hakuna wakaguzi. Hawakuandika barua, hawakupanga kuja. Niliwatunga kwa sababu sikutaka ujue.

Hakuna ulilokosea. Sikuwahi kutamani usomee kitu kingine. Ijumaa nilikuwa nimeketi darasani na simu mkononi, wanafunzi wameshaenda, nikaona picha aliyoituma mama yako ukiwa umevaa joho, nikalia kwenye dawati la mwanafunzi ambalo hata halinitoshi.

Nyanyako hakuwahi kuumwa goti. Ulinipa hoteli mbili nimweleze, nikamweleza moja, ile ya ngazi, na nikaongeza nguruwe na theluji juu yake, ili akatae mwenyewe na mimi nije na mama yako. Akaelewa, akajitoa kimya kimya, akasingizia goti ili mimi nisiaibike. Alikuwa na ramani yako ukutani wakati huo wote. Mwenye kumwondoa Magokoro kwenye mahafali yako ni mimi, kwa karatasi mbili na mwandiko mzuri. Aliyemrudisha ni mama yako. Nilibaki kwa sababu sikustahili kuja, kisha badala ya kukuambia hivyo nikakudanganya, na wewe ukakaa siku tatu mjini kwako ukijiuliza umefanya nini.

Sina utetezi. Nilikuwa nao, nyanyako aliufuta wote mwezi wa nne.

Ukitaka kunipigia simu na kunigombeza, nitashika. Ukitaka kunyamaza, nyamaza kwa muda unaotaka. Lakini ukimaliza kusoma hapa usibaki peke yako chumbani. Nenda kwao. Wako hotelini, dirisha la kwenye mto. Bisha mlango, nyanyako anajua kwa nini umekuja.

Baba yako,
Ogari